Hodi Isiyosikika: Kusaka Hitilafu za Makatizo Ndani ya Draiva

Bandari ya siriali imefanya kazi kwa saa 6 mfululizo. Data inaingia, data inatoka, logi haina hata mstari mmoja wa malalamiko. Kisha ghafla, kimya. Hakuna ujumbe wa kosa, kerneli (moyo wa mfumo wa uendeshaji) haijaanguka, kebo iko mahali pake, na upande wa pili unaendelea kutuma kama kawaida. Unaiondoa draiva, yaani programu inayoiendesha bandari hiyo, unaipakia upya, na bandari inafufuka kana kwamba haikuwahi kuugua. Kesho yake, baada ya saa 2 au 9, inakufa tena.

Anayekutana na hitilafu ya namna hii kwa mara ya kwanza huituhumu kebo, halafu chipu, halafu umeme. Mimi nami nilianzia huko, na siku tatu zikapita nikibadilisha vitu ambavyo havikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye funksheni fupi kuliko zote ndani ya draiva: ile inayoitwa kifaa kinapoikatiza prosesa. Nitarudi kwenye bandari hiyo, maana ukiielewa kisa chake chote, makosa mengi ya makatizo yanakuwa kama ndugu zake.

Katizo, au intarapti kama wengi wetu tunavyosema kazini, ni hodi. Prosesa iko kwenye shughuli zake, kifaa kina jambo, kinabisha. Prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya, inaruka hadi kwenye kishughulikiaji kilichosajiliwa kwa hodi hiyo, inamaliza, inarudi pale pale ilipoachia. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaficha jambo moja zito: kati ya kifaa na msimbo wako kuna wahusika kadhaa, na kila mmoja anaweka kumbukumbu yake mwenyewe kama hodi imeitikiwa au bado. Kifaa kina bendera, biti ya kuashiria jambo, ndani ya rejesta yake ya hali, yaani kihifadhi kidogo cha biti ndani ya chipu. Kidhibiti makatizo kina biti zake za kuonyesha hodi ipi inasubiri na ipi inahudumiwa. Kerneli ina hesabu yake. Draiva ina vigezo vyake. Wote wakikubaliana, mambo yanakwenda. Mmoja akiamini kwamba shauri limekwisha huku mwenzake akiamini halijaanza, ndipo unapopata kimya, au kelele isiyokoma.

Kwa hiyo swali la kujiuliza, kabla ya kufungua faili lolote la msimbo, ni hili: nani anadhani hodi imeitikiwa, na nani anadhani bado?

Kwenye Linux, pa kuanzia ni faili la /proc/interrupts. Kila laini ya katizo ina mstari wake, na kila kiini cha prosesa kina safu yake ya hesabu. Lisome, subiri sekunde chache, lisome tena. Hesabu isiposogea kabisa, hodi haifiki. Ikipanda kwa kasi isiyolingana kabisa na kazi ya kifaa, hodi inafika lakini haikiriwi. Ikipanda kwa mwendo unaoeleweka na bado kazi haiendi, mlango umefunguliwa na tatizo liko ndani ya nyumba. Dakika mbili za kusoma faili hilo zinapunguza eneo la msako kuliko siku nzima ya kukisia.

Hesabu iliyoganda tangu mwanzo kwa kawaida ina sababu nyepesi. Makatizo hayajawezeshwa ndani ya kifaa chenyewe. Laini imezibwa kwenye kidhibiti. Au namba si yake, na hapa kuna mtego unaowanasa watu kila siku kwenye prosesa za Arm zenye kidhibiti cha GIC: makatizo ya vifaa vya kawaida huanza kuhesabiwa kutoka 32, lakini kwenye faili la maelezo ya maunzi ambalo kerneli hulisoma, hesabu ya aina hiyo huanza na 0. Katizo ambalo kitabu cha chipu kinaliita 66 linaandikwa 34. Ukiandika 66, umeomba la 98, na utalisubiri milele. Kwa kadi za PCI Express zinazotumia MSI kuna mtego mwingine. MSI si waya unaopanda na kushuka. Ni kifaa kuandika thamani fulani kwenye anwani fulani ya kumbukumbu. Kifaa kisichoruhusiwa kuanzisha uandishi wake chenyewe kwenye basi (njia ya data kati ya prosesa na vifaa) hakiwezi kutuma katizo hilo, hivyo draiva iliyosahau kuita pci_set_master, funksheni inayotoa ruhusa hiyo, huishia na kadi bubu.

Ukiwa na waya halisi wa kupima, weka osiloskopu, chombo kinachochora ishara ya umeme kwenye skrini. Waya ukitikisika na hesabu isisogee, kifaa kimetimiza wajibu wake. Angalia kidhibiti na mipangilio yake. Waya usipotikisika, usiihangaikie kerneli.

Sasa turudi kwenye bandari yetu. Hesabu yake haikuganda tangu mwanzo. Ilipanda vizuri kwa saa 6, kisha ikasimama. Hiyo ni habari tofauti kabisa.

Hodi ni za aina mbili. Kuna ya kiwango: mgeni anagonga mfululizo mpaka mlango ufunguliwe na haja yake itimizwe. Laini inakaa juu muda wote ambao kifaa kina jambo, na kidhibiti kikiitazama wakati wowote kinaliona. Halafu kuna ya ukingo: mgeni anagonga mara moja tu, kisha anasimama mlangoni kimya akingoja. Kidhibiti hakitazami kama laini iko juu. Kinangoja ile nukta inapopanda kutoka chini kwenda juu. Aliyekosa kusikia hodi hiyo moja hatasikia mwingine mpaka mgeni aondoke na kurudi.

Bandari ile ilikuwa na chipu ya 16550, kwenye basi la ISA la kompyuta za zamani, ambako kwa desturi kidhibiti husikiliza ukingo. Chipu hiyo ina sababu nne kuu za kukatiza: kosa kwenye laini, data iliyoingia, nafasi iliyopatikana kwenye foleni ya kutuma, na mabadiliko ya ishara za modemu. Zote nne zinatumia mguu mmoja. Mguu unapanda sababu yoyote ikitokea, na unashuka tu pale ambapo hakuna sababu hata moja iliyobaki. Draiva inasoma rejesta ya utambulisho, IIR, ili kujua ni ipi. Zikiwa zaidi ya moja, chipu inaitaja ile yenye kipaumbele cha juu na kuzificha nyingine.

Tazama kilichotokea. Data inaingia, mguu unapanda, kidhibiti kinasikia ukingo, prosesa inaingia kwenye kishughulikiaji. Kishughulikiaji kinasoma IIR: data imeingia. Kinaanza kusoma baiti. Katika mikrosekunde hizo hizo, kabla baiti ya mwisho haijasomwa, foleni ya kutuma inakwisha na chipu inapata sababu ya pili. Baiti zinaisha, sababu ya kwanza inafutika, lakini mguu haushuki kwa kuwa sababu ya pili tayari ipo. Kishughulikiaji kinatoka kikiamini kimemaliza. Kidhibiti kinangoja laini ipande. Laini haiwezi kupanda kwa sababu iko juu tayari. Chipu inasema, "nabisha." Kidhibiti kinasema, "sijasikia mtu." Kila mmoja anasema kweli kwa jinsi anavyoona, na hali hiyo haina mwisho.

Ndiyo maana muda ulikuwa unabadilika. Sharti pande zote mbili ziwe na shughuli, na tukio moja lidondoke ndani ya dirisha jembamba la lingine. Ndiyo maana pia kuipakia draiva upya kulikuwa dawa: draiva inapoifunga bandari inaandika sifuri kwenye rejesta inayowezesha makatizo, mguu unashuka, na bandari inapofunguliwa tena unapanda. Ukingo mpya umepatikana. Chipu haikuwa imeugua hata mara moja.

Kuna jambo lililonichelewesha zaidi, nalo linafaa kujulikana na kila anayechokonoa chipu hii. Bandari ilipokufa, nilisoma IIR kwa mkono ili nione kinachosubiri, na mara nyingine ikafufuka papo hapo. Nikadhani napambana na hitilafu ya muda mfupi ya umeme. Kumbe katizo la foleni ya kutuma hufutwa na kitendo chenyewe cha kusoma IIR wakati ndilo linalotajwa. Nilipotazama, niliponya, na ushahidi ukapotea. Rejesta zinazobadilika kwa kusomwa ziko kwenye vifaa vingi sana. Soma kitabu cha chipu kabla ya kuzigusa, na pale inapowezekana, tanguliza osiloskopu. Mguu uliokaa juu huku hesabu ya katizo imeganda ni ushahidi ambao haugusi chochote.

Tiba ni kutotoka mlangoni mpaka chipu yenyewe iseme haina neno. Kwenye 16550, biti ya 0 ya IIR ikiwa 1, hakuna kinachosubiri:

while (!((iir = soma(IIR)) & 1))
    hudumia(iir);

Draiva ya 8250 ya Linux hufanya hivyo, na laini ikiwa ya pamoja, yaani inatumiwa na vifaa kadhaa, inazizungukia bandari zote mpaka mzunguko mzima upite bila kukuta yenye shida. Pia inaweka kikomo cha mizunguko, ili chipu iliyoharibika isiifunge prosesa humo ndani; kikomo kikifikiwa, kwenye kerneli za zamani unaona kwenye logi maneno "too much work for irq". Ukiyaona, usiongeze kikomo. Kuna kitu hakishuki, kitafute.

Msimamo wangu ni kwamba kila kishughulikiaji kiandikwe kana kwamba hodi ni ya ukingo, hata pale ambapo ni ya kiwango. Msimbo uliovumilia ukingo utavumilia kiwango pia. Kinyume chake si kweli. Na asidhani mtu kwamba haya yamepita pamoja na ISA. MSI kwa asili yake ni hodi ya kugonga mara moja tu: ujumbe ukishatumwa umetumwa. Kadi mpya yenye MSI inaweza kunyamaza kwa sababu ile ile iliyonyamazisha bandari ya siriali.

Upande wa pili wa shida ni dhoruba. Laini ni ya kiwango, draiva inatoka bila kushusha bendera ya kifaa, laini bado iko juu, prosesa inarudishwa humo humo mara moja, na tena, na tena. Mashine inakuwa nzito au inaganda kabisa. Linux ina ulinzi: katika kila makatizo 100,000 ya laini moja, ikiwa zaidi ya 99,900 hayakupata wa kuyadai, kerneli inaandika "nobody cared" na kuizima laini hiyo. Vifaa vingine visivyo na hatia vilivyokuwa vikiitumia laini hiyo vinazimika navyo, na mara nyingi aliye wa kwanza kulalamika ni yule ambaye draiva yake haina kosa.

Ulinzi huo unategemea ukweli wa kishughulikiaji. Kinatakiwa kurudisha IRQ_HANDLED kikikuta kazi yake, na IRQ_NONE kikikuta hodi si ya kifaa chake. Nimeona draiva zinazorudisha IRQ_HANDLED kila mara ili ujumbe ule usitokee. Hilo ni kosa kubwa. Kerneli haiwezi tena kujua kwamba kuna dhoruba, na badala ya laini moja kuzimwa, mashine nzima inagandishwa bila neno.

Zipo dhoruba ndogo zisizogandisha kitu, na hizi zinachosha zaidi. Hesabu ya makatizo inakuwa karibu mara mbili ya matukio halisi: kila tukio linafuatwa na mwito mmoja wa ziada ambao unakuta rejesta ya hali ni tupu. Sababu yake iko njiani. Prosesa inapoandika kwenye rejesta ya kadi ya PCI, haingojei maandishi yafike. Yanakaa kwenye bafa za madaraja ya basi huku prosesa ikiendelea. Kishughulikiaji kinatoka, kidhibiti kinaitazama laini, bendera bado haijashuka kwa sababu amri ya kuishusha iko safarini, basi hodi inahesabiwa upya. Ukiisoma rejesta ya kifaa hicho hicho baada ya kuandika, usomaji hauwezi kuyapita maandishi yaliyotangulia, kwa hiyo jibu likirudi unajua bendera imeshuka. Kwenye mikrokontrola (kompyuta ndogo za chipu moja) za Cortex-M hali ni hiyo hiyo: bendera ikishushwa kwenye mstari wa mwisho kabisa wa kishughulikiaji, mara nyingi utaingia mara mbili. Ishushe mapema, au kabla ya kutoka weka agizo la DSB, linaloifanya prosesa ingoje maandishi yake yakamilike.

Mpangilio wa mistari ndipo ninapoangalia kwanza nikipewa draiva ya mtu mwingine. Rejesta nyingi za hali hufutwa kwa kuandikiwa 1 kwenye biti husika. Mtu aliyezoea rejesta za kawaida anaandika hivi:

HALI |= BENDERA_DATA;

Mstari huo unaonekana safi. Lakini unasoma rejesta kwanza. Ikiwa bendera ya data na ya kosa zote ziko juu, usomaji unarudisha 1 mbili, na zote mbili zinaandikwa tena kwenye rejesta. Zote zinafutwa. Kosa lilitokea, likatangazwa, likafutwa, na hakuna mstari wa msimbo uliowahi kuliona. Umbo ninalolitetea ni hili:

hali = readl(msingi + HALI);
if (!hali || hali == ~0u)
    return IRQ_NONE;
writel(hali, msingi + HALI);
hudumia(hali);
return IRQ_HANDLED;

Soma mara moja, futa zile tu ulizoziona, kisha hudumia. Ukihudumia kwanza na kufuta baadaye, tukio linaloingia katikati linafutwa pamoja na la zamani. Ukifuta kwanza, linapandisha bendera upya na utaitwa tena. Mwito mmoja wa bure ni gharama ndogo kuliko tukio lililopotea. Kumbuka tu kwamba mpangilio huu ni wa bendera zinazonasa tukio. Bendera inayosema "foleni ina data" haitashuka mpaka data isomwe, uandike nini usiandike. Na ule ulinganisho na ~0u usiuondoe: kifaa cha PCI kilichochomolewa hurudisha biti zote 1, na kitanzi cha "endelea mpaka bendera ziishe" kitazunguka humo bila kikomo.

Hali ya tatu, ambapo hesabu inapanda vizuri na kazi haiendi, mara nyingi ni suala la kufuli au usingizi. Funksheni ya kawaida ya draiva inashika kufuli (kinga inayoruhusu mmoja tu kugusa data kwa wakati mmoja) kwa spin_lock, katizo linaingia kwenye kiini hicho hicho, kishughulikiaji kinaomba kufuli lile lile, na aliyelishika hawezi kuendelea mpaka kishughulikiaji kitoke. Upande wa funksheni ya kawaida unahitaji spin_lock_irqsave, ambayo pia huzima makatizo kwenye kiini hicho. Usilitafute kosa hili kwa macho. Washa lockdep, mkaguzi wa kufuli ambaye yumo ndani ya Linux tangu 2006, naye atakuonyesha uwezekano wa mkwamo hata kabla haujatokea. Kwa msimbo unaolala, yaani unaoachia prosesa ukingoja kitu, mahali pasiporuhusiwa, washa CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP. Kwa kishughulikiaji kinachoitwa wakati miundo yake imeshabomolewa, CONFIG_DEBUG_SHIRQ itakipigia hodi ya uongo kwa makusudi kwenye laini za pamoja, pale kinapoondolewa. Na kishughulikiaji kikifanya kazi yake kwenye uzi (thread) wa peke yake, IRQF_ONESHOT huiweka laini ikiwa imezibwa mpaka uzi umalize. Bila hiyo, hodi ya kiwango ingerudi maelfu ya mara kabla uzi haujapata zamu.

Neno kuhusu printk, funksheni ya kerneli ya kuandika kwenye logi, kwa sababu ndiyo silaha ya kwanza ya kila mtu. Konsoli ya siriali ya biti 115,200 kwa sekunde hutumia takribani mikrosekunde 87 kwa herufi moja. Mstari wa herufi 80 unachukua karibu milisekunde 7. Foleni ya kupokea ya 16550 ina nafasi ya baiti 16, na kwa kasi hiyo hiyo inajaa ndani ya milisekunde 1.4. Mstari mmoja wa printk ndani ya kishughulikiaji unatosha kupoteza data ambayo bila mstari huo isingepotea, au kuhamisha matukio hadi hitilafu unayoisaka iache kutokea. Tumia trace_printk, ambayo huandika kwenye kumbukumbu tu, au washa matukio ya irq_handler_entry na irq_handler_exit ya ftrace, kifuatiliaji cha ndani ya kerneli, upate muda wa kila kuingia na kutoka. Kwenye ubao wenye pini ya ziada, ipandishe unapoingia na uishushe unapotoka, kisha itazame kwenye osiloskopu pamoja na mguu wa katizo. Picha hizo mbili zikikaa moja juu ya nyingine, mabishano mengi huisha.

Jambo lililobaki ni kuthibitisha kwamba umeponya. Hitilafu inayotokea baada ya saa 6 haithibitishwi kwa kungoja saa 12 na kuona kimya. Lipanue dirisha. Kwenye bandari ile, niliurudisha msimbo mbovu, nikaweka ucheleweshaji wa mikrosekunde 1,500 kati ya kusoma IIR na kusoma baiti, muda unaotosha foleni nzima ya kutuma kuisha. Upande wa pili niliuambia utume baiti chache chache ili foleni ya kupokea isifurike. Bandari ikafa ndani ya sekunde, na ikafa kila nilipojaribu. Kisha nikaweka kitanzi kile cha kusoma IIR, nikauacha ucheleweshaji pale pale, nikaanzisha upya. Mguu ulipanda na kushuka usiku kucha, na asubuhi hesabu kwenye /proc/interrupts ilikuwa bado inasogea.